Kutoa silikoni kwenye paneli chakavu za sola

Paneli ya seli 60 ina kilo 18 hadi 20, na karibu robo tatu ni kioo. Silikoni, yaani mali ghafi ya seli zenyewe, ni kama gramu 600 tu, kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama itatoka safi.

Chagua paneli ambazo seli zake huonekana moja moja. Zile za utando mwembamba, nyeusi tupu, huenda zina kadimiamu, metali yenye sumu, ziweke kando.

Laza kioo chini. Paneli iliyotupwa bado hutoa volti 30 na zaidi ikiona jua. Ng'oa kisanduku cha nyaya na fremu ya alumini.

Kabla ya tanuri, bandua plastiki ya mgongoni. Hatua hii hurukwa sana, na kuiruka ni hatari kubwa: mara nyingi plastiki hiyo ina florini, na ikiungua hutoa haidrojeni floraidi, gesi inayochoma mapafu. Ipulizie hewa ya moto ilainike bila kutoa moshi, ivute kuanzia pembeni, kisha kwarua mabaki.

Tanuri liwe na bomba la moshi lenye kichujio cha gesi. Panda polepole: karibu nyuzi 350 za Selsiasi gundi inayoshika seli kwenye kioo huachia asidi ya siki, na kati ya 450 na 500 huisha. Ukiharakisha, gesi hukwama chini ya kioo na kupasua seli, maana unene wake haufiki hata milimita 0.2. Kama silikoni inakwenda kuyeyushwa, vipande havina shida.

Toa tepe za shaba, solda yake ina risasi. Asidi ya nitriki huyeyusha fedha ya mistari iliyo juu ya seli, na mvuke wake wa kahawia ni sumu, hivyo fanyia kazi kwenye kabati la kufyonza hewa. Ukitia chumvi ya mezani katika asidi hiyo yenye fedha, fedha hushuka kama unga mweupe.

Potasiamu haidroksaidi huondoa alumini ya nyuma ya seli. Inatoa haidrojeni, basi moto usiwe karibu. Rangi ya buluu ikibaki, bado kuna silikoni nitridi, utando wa seli unaozuia mwanga usiakisiwe: asidi ya fosforiki ya nyuzi 160 huimaliza. Rudia haidroksaidi kwa muda mfupi kuchubua tabaka jembamba la juu lenye fosforasi. Ukichelewa italiwa silikoni yenyewe.

Suuza, kausha, na usichanganye aina. Silikoni ya paneli nyingi za zamani imetiwa boroni, ya baadhi ya za karibuni galiamu, na boroni haitoki kirahisi hata kwa kuyeyusha upya.