Somo: Kusimika Windows 7 kwenye kompyuta mpakato ya kizazi kipya

Swali la jinsi ya kusimika Windows 7 kwenye kompyuta mpakato mpya limejirudia mno, kwa hiyo naliandikia jibu moja, na atakayeliuliza tena nitamrudisha hapa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Somo hili linamhusu mwenye sababu ya msingi, kama vile programu ya zamani ya uhasibu au mashine ya karakana isiyoelewana na mfumo mpya.

1. Angalia prosesa. Baada ya kizazi cha 6, Intel haikutoa tena draiva (programu zinazouwezesha mfumo kutumia kifaa) za picha za Windows 7.

2. Hamisha mafaili yako, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayoficha data ya diski), nakili ufunguo wake wa dharura kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows).

3. Ndani ya BIOS, zima Secure Boot (kinga inayoruhusu tu mfumo wenye saini inayotambulika) na uwashe CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani). Ikiwa CSM haipo kabisa, ishia hapo.

4. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Windows 7 ya mwaka 2009 haina draiva za USB 3.0 wala za diski za NVMe (SSD za kasi), na kuanzia kizazi cha 6 cha Intel hata tundu la USB linaloonekana la kawaida hupitia kidhibiti hicho kipya. Flashi yenye kisimikaji itawaka vizuri, kwa kuwa BIOS ndiyo inayoisoma. Kisimikaji kikishika usukani, kipanya kinazimika na unaambiwa kuwa draiva ya CD/DVD haipo, ingawa hukuweka CD yoyote. Watu huilaumu flashi bure. Dawa ni kuingiza draiva hizo kwa DISM (amri ya Windows ya kuhariri mafaili ya usimikaji), pamoja na sasisho KB2990941 kwa ajili ya NVMe, ndani ya boot.wim (faili linalowasha kisimikaji) na vilevile ndani ya install.wim (faili lenye Windows yenyewe). Ukiisahau boot.wim, ambayo kisimikaji chake kimo katika taswira (image) ya 2, diski haitaonekana, ukiisahau install.wim, usimikaji utakamilika kisha mashine ikiwaka upya ikupe skrini ya bluu yenye msimbo wa hitilafu 7B. Ondoa kwanza alama ya kusomwa tu kwenye mafaili hayo, na funga kazi kwa chaguo la DISM liitwalo /Commit, la sivyo yote uliyoingiza yatapotea. Wala usipakue ISO (faili lenye diski nzima ya kusimikia) iliyokwisha kupikwa na mtu usiyemjua.

5. Andaa flashi kwa programu ya Rufus. Kwa diski ya NVMe chagua GPT (mfumo wa kugawa diski) na toleo la biti 64.

6. Simika, kisha weka KB4490628 na KB4474419 kabla ya masasisho mengine, kwa sababu masasisho ya baadaye yametiwa saini ya kidijitali ya SHA-2 ambayo mfumo mbichi hauitambui.

Swali: Mkuu, nimefuata hatua zote lakini inasema draiva ya CD haipo.

Jibu: Basi hukuzifuata zote. Soma hatua ya 4.

Swali: Msaada wa haraka, laptop imegoma!

Jibu: Modeli gani, prosesa gani, na imegoma katika hatua ipi?

Swali: Samahani mkuu, kwa nini CSM ni ya lazima ilhali Windows 7 ya biti 64 inaitambua UEFI, mrithi wa BIOS ya zamani?

Jibu: Umeuliza vizuri. Inaitambua, ila inapowaka bado huomba huduma ya picha ya BIOS ya zamani, iitwayo INT 10h, na CSM ndiyo inayoitoa. Bila hiyo huganda kwenye nembo. Secure Boot nayo ilikuja na Windows 8, hivyo kipakizi (programu inayouwasha mfumo) cha Windows 7 hakina saini inayotakiwa.

Swali: Yangu ni kizazi cha 11, nami nahitaji programu moja tu ya stoo.

Jibu: Usihangaike, ndugu yangu. Acha mfumo ulionao, weka VirtualBox (programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), kisha simika Windows 7 ndani yake. Hata kifaa cha leseni cha USB kinaweza kupitishwa humo, na ukikata intaneti ya mashine hiyo ya ndani utakuwa salama zaidi.

Swali: Na kivinjari je?

Jibu: Chrome iliishia toleo la 109. Tumia Firefox 115 ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu), lakini mambo ya benki yafanyie kwenye mfumo mwingine.