Mlango wa kukunja unakwaruza? Weka randa chini kwanza

Nimetengeneza hii milango ya kukunja miaka mingi na kosa naloliona sana ni hili, mlango ukianza kukwaruza sakafu mtu anachukua randa ananyoa mbao chini. Jamani msifanye hivyo! Hii ya ndani yenye vipande viwili uzito wake karibu wote umekaa kwenye pini ya chini iliyo upande wa fremu, kule juu reli inaongoza njia tu. Pini ikishuka mlango unashuka nayo, alafu ukishanyoa, siku ukiirudisha pini mahali pake unabaki na pengo.

Hatua ya 1: funga mlango uangalie nafasi kati yake na fremu kuanzia juu mpaka chini. Kama iko sawa kote, shida ni kimo tu. Kama ni pana upande mmoja na nyembamba mwingine, mlango umelala.

Hatua ya 2, kimo. Weka kabari chini ya mlango uupunguzie pini uzito, alafu zungusha nati ya pini kwa spana, robo mzunguko, jaribu kufungua na kufunga, robo tena. Usikimbie.

Hatua ya 3, kama umelala. Pengo likiwa pana juu, legeza skrubu ya breketi (kishikio cha pini ya juu) iliyo ndani ya reli, sogeza breketi kuelekea kwenye fremu milimita chache, kaza. Likiwa pana chini, inua mlango mpaka pini itoke kwenye meno ya breketi ya sakafuni, uirudishe jino moja karibu na fremu.

Hatua ya 4 ni ya pale pini inacheza ndani ya mbao, na hapa ndo kazi yenyewe, maana hata urekebishe kimo mara kumi mlango utashuka tu. Itabidi uutoe mlango. Ukunje, shika vipande vyote viwili pamoja, inua juu (pini ya juu ina springi, itabonyea), vuta sehemu ya chini ije kwako kisha shusha taratibu. Kama mlango una kioo tafuta mtu wa kukusaidia, na vidole visikae katikati ya vipande, bawaba zinabana vibaya sana. Sasa ng'oa pini, safisha tundu, paka gundi ya mbao kwenye kijiti cha mbao kinachoingia kwa kubana, kigonge mpaka kizame, kata kinachobaki. Acha siku nzima ikauke, najua mlango uko chini na unakera ila gundi mbichi haishiki kitu, ndo utoboe tundu jipya dogo kidogo kuliko pini. Tundu la skrubu ya bawaba lililolegea linatibika hivohivo kwa njiti za kiberiti na gundi.

Kutunza ni rahisi. Pitisha brashi kavu kwenye reli, puliza silikoni ya kulainisha ya kopo kidogo, kaza skrubu za bawaba kwa bisibisi ya mkono. Grisi na mafuta ya kupikia hapana kabisa, vinashika vumbi vinakuwa uji mzito na kigurudumu kinachotembea ndani ya reli kinagoma. Kigurudumu kikiwa na ufa badilisha, na nenda dukani na kile cha zamani mkononi kwa sababu unene wa pini zake haufanani.