Sandwichi za Mboga Mbichi kwa Siku za Joto Uingereza

Nyumba nyingi za Uingereza zimejengwa kwa kuogopa baridi na hazina kiyoyozi, hivyo joto likipanda, kama lilivyopanda tarehe 19 Julai 2022 hadi nyuzi 40.3 huko Coningsby, jiko la fleti ya ghorofani huwa mahali pasipokalika. Kuinjika sufuria ya maharage jioni, jua likiwa bado linawaka dirishani, ni kujiongezea joto ambalo halitatoka usiku kucha. Siku kama hizo sandwichi ya mboga mbichi inatosha kuwa mlo wa jioni wa familia, ilmradi isitengenezwe kwa pupa, kwani ikitengenezwa ovyo mkate hulowa na watoto huuacha sahanini.

Kinacholowesha mkate ni maji ya mboga zenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya tango na nyanya ni maji, na yakikutana na chumvi huanza kutoka mara moja. Kwa hiyo ni afadhali yatokee kwenye chujio kuliko ndani ya mkate. Kata tango vipande vyembamba sana, vinyunyizie chumvi kidogo, viache kwenye chujio kwa robo saa, kisha vikaushe kwa kitambaa safi bila kuvifikicha. Nyanya iliyoiva lakini bado ngumu ikatwe, itolewe mbegu pamoja na ule utelezi wake, nayo ichujwe vivyo hivyo. Usiiweke nyanya nzima kwenye friji, kwa sababu baridi huiondolea ladha. Kitunguu kifanyie kama cha kachumbari: kivuruge kwa chumvi, kioshe kwa maji baridi na ukikamue mpaka ukali upungue.

Mkate mweupe laini wa dukani hauhimili mboga nyingi, hivyo chagua ulioshikana zaidi, au upashe slesi kidogo kwenye tosta. Paka siagi slesi zote mbili mpaka ukingoni kabisa, kwa kuwa siagi ni mafuta na huzuia maji yasipenye. Asiyekula siagi atumie parachichi lililopondwa kwa ndimu, ambayo pia hulichelewesha kugeuka jeusi.

Juu ya siagi ndipo chatini inapoingia, na kwa maoni yangu bila chatini sandwichi ya mboga hupooza. Saga shada la kotmiri, pilipili mbichi moja au mbili, punje ya kitunguu saumu, chumvi na ndimu, bila kuongeza maji. Maduka ya Waasia, kama yale ya Southall magharibi mwa London au Green Street mashariki mwake, huuza kotmiri kwa mashada makubwa, na humo utapata pia pilipili mbichi na ndimu. Chatini ya nazi, ile tuliyoizoea pwani, ni tamu mno hapa, ila nazi huchacha upesi kwenye joto. Tengeneza ya kuliwa papo hapo.

Panga jani la saladi lililooshwa na kukaushwa vizuri chini na jingine juu, ili nyanya, tango na kitunguu vikae katikati bila kugusa mkate. Nyunyiza pilipili manga, gandamiza kidogo kwa kiganja, kisha kata kwa kisu chenye meno. Anayetaka kushiba zaidi aongeze yai lililochemshwa asubuhi kabla ya joto, jibini, au maharage ya kopo yaliyochujwa na kupondwa kwa limau.

Ukiwapeleka watoto bustanini, weka mboga kwenye kontena lililofungwa, mkate uliokwisha kupakwa siagi kwenye jingine, na katikati yake chupa ya maji iliyogandishwa usiku, uje kuziunganisha sandwichi wakati wa kula. Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri kwamba chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Yai, jibini, na hata nyanya iliyokwisha kukatwa vimo katika kundi hilo, kwa hiyo kilichobaki baada ya muda huo kitupwe.