SOMO: Mwaka mzima kwenye kituo cha mbwa mwitu waliookolewa, msimu kwa msimu

Wakuu salama. Kila nikigusia hii kazi ya kujitolea huku milimani Colorado mnaniuliza wale mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf, siyo wale wenye madoa wa kwetu) wanaishije kwenye theluji, mnawaonea huruma kweli kweli. Niseme mapema tu, baridi ni shida yetu sisi tunaobeba ndoo, shida ya mbwa mwitu ni joto, ukishika hilo mengine yote hapa chini yatakuingia yenyewe. Na wengi tulionao hawajatoka porini, ni machotara wa mbwa na mbwa mwitu, mtu alinunua kitoto kizuri cha kupiga nacho picha, kikafika mwaka na nusu kikamaliza makochi na milango, akaanza kupiga simu vituoni.

Kitu kingine, miili yao inafuata urefu wa mchana. Mchana ukianza kufupika wanabadilika hata kama bado kuna jua kali, kwa hiyo kazi za msimu unazifanya kabla msimu haujafika.

Hatua ya 1: Septemba hadi Novemba, funga mambo kabla ardhi haijaganda

Anza na uzio. Wetu una futi 8, juu umeinamia ndani, na chini kuna waya umelazwa ardhini ili wasichimbe wakatokea upande wa pili. Zunguka wote kwa mguu, ziba kila shimo sasa hivi, maana ardhi ikishaganda huchimbi kitu. Kwenye vibanda tandika mabua makavu ya ngano, usiweke nyasi za kulishia ng'ombe, zile zinashika unyevu zinaota ukungu.

Halafu nyama. Msimu wa uwindaji ukikaribia watu wanasafisha mafriza yao ili wapate nafasi ya nyama mpya, wanatuletea ya zamani, pokea, ila kata na tupa sehemu yote iliyozunguka tundu la risasi, kuna vipande vidogo sana vya madini vinabaki na ni sumu. Kipindi hiki wanakula utadhani wamefungulia Ramadhani. Novemba wanaletewa pia maboga yaliyobaki kwenye sikukuu yao ya Halloween, wengine wanayala, wengine wanayakojolea tu basi.

Hatua ya 2: Desemba hadi Machi, hapa ndipo kwenye kazi

Manyoya yana tabaka mbili, la nje refu linazuia maji, la ndani fupi limesongamana. Unamkuta kajikunja, mkia kauweka puani, theluji imemfunika mgongo mzima na haiyeyuki kwa sababu joto la mwili halitoki nje, na kibanda ulichomtandikia kiko wazi hakuna mtu. Wanaoingia ni wazee na wenye maumivu ya viungo.

Maji ndio yatakutoa jasho. Kuvunja barafu asubuhi, kurudi mchana, kuvunja tena, na usiache waya wowote wa umeme wanakofikia, watautafuna. Theluji nayo usiiache ijae kwenye uzio, piga hesabu, uzio futi 8, theluji ikirundikana futi 4 ikaganda mnyama ana ukuta wa futi 4 tu wa kuruka, hiyo siyo uzio tena, kwa hiyo beleshi mkononi kila ikianguka.

Sasa kubwa kuliko yote, ni msimu wa kupandana. Jike anaingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, kati ya Januari na Machi huku kaskazini. Kituo cha kuokoa hakizalishi, kwa hiyo madume wanahasiwa au wanafungwa mirija, lakini elewa tofauti: aliyehasiwa homoni zimeondoka, aliyefungwa mirija homoni zipo zote. Dume ambaye Agosti alikuwa anakuja mwenyewe umkune mgongo, Februari anasimama kati yako na jike wake na hakutanii. Usiingie peke yako hata kama mmezoeana miaka, wahamishie upande wa pili, funga geti, ndio usafishe. Majike wanaokaa pamoja, nao pia waangalie sana, hata dada wa tumbo moja wanaweza kuumizana vibaya, ukiona mmoja kaanza kukaa pembeni na kula mwisho mtenganishe siku hiyo hiyo, usisubiri damu.

Hatua ya 3: Aprili hadi Juni, manyoya na mashimo

Tabaka la ndani linatoka mapande mapande, mnyama anaonekana kama mgonjwa na wageni wanalalamika hatumtunzi. Muache, hayo ni ya kawaida. Jike ambaye hakuhasiwa mwili wake unaweza kujiona una mimba hata kama hana kitu, anachimba pango kabisa, na dume anampelekea nyama. Wewe hakikisha tu pango halielekei kwenye uzio.

Hatua ya 4: Julai na Agosti, msimu mbaya wao

Kazi zote kabla jua halijapanda. Kivuli, beseni kubwa za maji wanazoweza kuingia, mabonge ya barafu yenye samaki au damu ndani. Chakula punguza, toa jioni, na mifupa iokote, la sivyo nzi, na nzi wanatafuna ncha za masikio mpaka zinatoka damu, kuna dawa ya kupaka. Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zinawachanganya, zamu ya usiku lazima.

Na moto wa msituni. Mwaka 2012 moto wa High Park karibu na Fort Collins ulifika mpaka kwenye kituo kimoja cha mbwa mwitu, kwa hiyo huku hatufanyi mchezo. Makreti ya kusafirishia yanakaa ndani ya boma mwaka mzima, wanalishiwa humo mara kwa mara, siku ya kukimbia mnyama anaingia bila vita.

MASWALI

Mdau wa Njombe: Shukrani mkuu. Hawa ndio wale mbwa mwitu wa kwetu, wa Nyerere na Serengeti?
— Hapana, wale wenye madoa wana vidole vinne mguu wa mbele, hawa watano, na hawawezi kuzaliana. Ndugu yao aliye karibu kuliko hao wenye madoa yuko Serengeti hiyo hiyo, yule tuliyekuwa tunamuita bweha wa dhahabu, mwaka 2015 vipimo vya vinasaba vilionyesha yuko karibu zaidi na mbwa mwitu kuliko na bweha wa Asia.

Dada wa Kilimani: Kaka, mbona msiwaachie tu porini?
— Dada yangu, aliyezoea watu atafuata watu, atapigwa risasi. Wa Mexico ndio wana mpango, walianzia kwenye wanyama 7 tu, wakaanza kurudishwa porini 1998, na sasa hivi vitoto chini ya siku 14 vinapelekwa kwenye pango la mama wa porini avilee na wake.

Mdau wa Minnesota: Nataka kujitolea, nianze mwezi gani?
— Septemba. Ukianza kiangazi utawakuta wamelala tu utadhani umewajua. Chanjo ya pepopunda iwe ya karibuni, buti zenye nafasi ya soksi mbili, na skafu iache kwenye gari, kitu kinachoning'inia wanakivuta.