Kuni za Januari hupasuliwa Aprili

Mimi ni wa Makete, kusini mwa Tanzania, kule Bulongwa, ambako Juni na Julai umande hugeuka barafu nyeupe juu ya majani ya viazi na mtoto hujua kuwasha moto kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo nilipofika Fairbanks, Alaska, nikapanga nyumba yenye jiko la kuni sebuleni, niliona kwamba kwenye jambo hili sina la kufundishwa. Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliwatesa majirani.

Ilikuwa Januari, nje nyuzi 37 chini ya sifuri. Usiku nililijaza jiko magogo hadi juu, nikaziba tundu la hewa karibu lote ili moto ulale mpaka asubuhi, kama tunavyofukia kaa kwenye majivu nyumbani. Kulipokucha akagonga mlango binti wa mzee anayekaa ng'ambo ya barabara. Baba yake anapumua kwa mashine ya oksijeni. Hakunigombeza. Alinitoa nje, akanyoosha mkono kuelekea paa langu. Moshi ulikuwa mzito, wa kijivu kilichochanganyika na bluu. Ulipanda mita chache tu juu ya dohani, ukasimama, ukapinda, ukaanza kushuka na kujitandaza barabarani mpaka kwenye dirisha la baba yake.

Haya ninayoandika nimejifunza tangu asubuhi ile. Namwandikia yeyote aliyehamia kwenye mji wa baridi kali wenye majiko ya kuni, hasa aliyekulia kijijini akadhani kuni anazijua.

Kwanza, kwa nini moshi unashuka

Fairbanks imekaa kwenye bonde la mto Tanana, vilima vimeizunguka pande tatu. Tarehe 21 Desemba jua huonekana kwa muda usiofika saa 4, tena liko chini mno kiasi kwamba halipashi chochote. Ardhi yenye theluji inazidi kupoa, hewa iliyolala juu yake inapoa nayo, na ile ya juu zaidi inabaki na joto. Hewa ya joto inakuwa kama kawa juu ya sahani: kilichopo chini hakitoki. Siku kama hizo ukiendesha gari kupanda vilimani unaona kipimajoto kikipanda nyuzi 10 au zaidi ndani ya dakika chache. Upepo hakuna. Kila kinachotoka kwenye dohani za mji kinabaki kimo cha pua zetu.

Hatari yenyewe ni chembe zisizofika mikroni 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele mara 30 hivi. Zinapita pua, zinapita koo, zinaingia ndani kabisa ya mapafu, na moyo nao unaumia. Sheria ya Marekani inataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 35 kwa mita moja ya ujazo. Eneo letu, pamoja na mji mdogo wa jirani unaoitwa North Pole, lilitangazwa mwaka 2009 kwamba limeshindwa kutimiza kiwango hicho, na mwaka 2017 likapandishwa kwenye daraja la wenye tatizo kubwa.

Kuni

Ukisoma sehemu moja tu, soma hii, maana hata jiko la bei mbaya likipewa kuni mbichi litatoa moshi.

Moshi ni kuni ambayo haikuungua. Kuni yenye maji inautumia moto wako kuchemsha maji kwanza, jiko linabaki na joto dogo, na gesi za kuni zinatoka dohanini kabla hazijashika moto. Nilielewa vizuri nilipopiga hesabu. Gogo la kilo 3 likisoma asilimia 50 kwenye kipimo cha unyevu, ambacho hulinganisha maji na uzito wa kuni kavu, ndani yake mna kilo 2 za kuni na lita nzima ya maji. Hebu fikiria unapika ugali huku mtu anamwagia moto wako lita ya maji kwa kila gogo. Gogo hilohilo likikauka hadi 20, maji yaliyobaki hayafiki nusu lita. Asilimia 20 ndiyo mpaka: ikizidi hapo, usiitie jikoni.

Hapa tunachoma zaidi mbetula, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na msprusi, mti wa majani kama sindano. Mbetula una joto zaidi lakini gome lake halipitishi maji. Ukiliacha gogo zima bila kulipasua, maji hayana pa kutokea na kuni inaoza ikiwa imevaa koti lake. Pasua kila kipande, hata kile chembamba kama mkono, angalau mara moja.

Fanya kazi hiyo Aprili, Mei ikizidi. Kiangazi chetu ni kifupi lakini ni kikavu na jua halichoki. Mwezi Juni linakaa karibu saa 22. Kuni iliyopasuliwa na kupangwa mwezi Mei inaweza kuwa tayari Oktoba. Iliyokatwa Septemba haitakauka wakati wa baridi, itaganda tu, na utaichoma mbichi. Watu wengi hushindwa hapo, na mimi nilishindwa hapohapo: nilianza kutafuta kuni siku niliyosikia baridi.

Panga kuni juu ya paleti zisiguse ardhi, mstari mmoja mmoja, mahali panapopigwa na upepo. Turubai lifunike juu peke yake. Ukizivika turubai mpaka chini unazipika kwa jasho lake mwenyewe. Nilipomweleza mama kwa simu, aliniuliza, "Hamna uchaga?" Nyumbani kuni hukaa uchagani juu ya moto, zinakaushwa na moto wa leo ili ziwake kesho. Nikamwambia uchaga wetu huku ni jua la Juni.

Sasa kipimo. Ni kifaa kidogo kama rimoti, kina sindano mbili, na bei yake ni ndogo kuliko ya mzigo mmoja wa kuni. Usichome sindano kwenye ncha ya gogo, maana ncha hukauka kwanza na hudanganya. Pasua gogo papo hapo, chomeka sindano katikati ya uso mpya, kwa kufuata nyuzi za mti. Na kama kuni imeganda, iingize ndani ikae siku nzima kabla ya kupima, kwa sababu barafu hukifanya kipimo kisome chini ya ukweli. Msimu wangu wa pili nilinunua mzigo wa futi 4 kwa 4 kwa 8, karibu mita za ujazo 3.6, kwa mtu aliyeapa kwamba ni kavu. Ncha zote zilikuwa na nyufa nzuri za ukavu. Nikapima nje, nikaona 19, nikalipa. Kesho yake gogo lililolala ndani likasoma 34. Tangu hapo nanunua Aprili, nalipia kuni mbichi kwa bei ya kuni mbichi, nazikausha mwenyewe.

Rangi, mbao zilizotiwa dawa, plastiki, makaratasi yanayong'aa, taka za jikoni: visikaribie jiko kabisa.

Kuwasha, na usiku

Nyumbani tunaanza na vijiti chini, magogo juu. Huku fanya kinyume. Magogo makubwa mawili au matatu chini, vipande vya unene wa kifundo cha mkono juu yake, kisha vibanzi, na karatasi kileleni. Washa juu. Sikuamini mpaka nilipoona: moto unashuka polepole, na gesi za kuni ya chini zinalazimika kupita kwenye mwali, zinaungua humo humo. Tundu la hewa liwe wazi kabisa kwa dakika 15 hadi 20 za mwanzo. Mlango usiuache wazi ukaenda zako.

Punguza hewa taratibu, huku ukiangalia mwali. Mwali uchezecheze wakati wote. Kuni ikibaki nyekundu bila mwali wakati bado ni gogo, umeinyima hewa, na dohani yako inatoa moshi sasa hivi. Kama jiko lina kichocheo ndani, kile kifaa kinachounguza moshi uliobaki, usiuelekeze moshi kwenye kichocheo kabla sindano ya kipimajoto haijaingia eneo la kazi. Mengi huanzia kwenye nyuzi 260 hivi, ila fuata kitabu cha jiko lako.

Ile tabia ya kulaza moto usiku iache. Mimi nawasha moto mkali jioni, naongeza kuni kidogo mara moja kabla ya kulala, nauacha uishe wenyewe, kisha hita ya mafuta inashika zamu kwenye joto la chini. Mafuta ni ghali, nalijua hilo kwenye mfuko wangu. Lakini moto uliozibwa hewa unakula kuni bila kukupa joto lake, na unapaka dohani masizi yenye lami ambayo siku moja huweza kuwaka humo ndani. Dohani ifagiliwe kila mwaka kabla ya Oktoba. Kengele ya gesi ya kaboni monoksaidi iwepo na betri hai. Majivu yakae kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta. Kaa hudumu siku kadhaa.

Jiko likiwa la zamani, badilisha. Halmashauri yetu imekuwa na mpango wa kuwasaidia watu fedha za kubadilisha, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Kiwango cha Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani tangu 2020 ni gramu 2 za moshi kwa saa, au 2.5 kwa jiko lililopimwa kwa kuni za kawaida. Ila kibandiko kisikulaze usingizi: mwaka 2023 mkaguzi mkuu wa shirika hilohilo aliandika kwamba mpango wake hauhakikishi majiko yanapimwa ipasavyo.

Siku ya katazo

Hewa ikitabiriwa kuzidi mikrogramu 20, jimbo hutangaza hatua ya kwanza: wanaruhusiwa kuwasha wenye kibali tu. Ikizidi 30, ni hatua ya pili, na hapo wanabaki wale ambao nyumba zao hazina njia nyingine ya kutosha ya kupata joto. Kibali huombwa mapema, si siku ya katazo. Jiandikishe upate taarifa kwenye simu. Zikikukuta moto unawaka, usiongeze kuni; acha uishe. Umeme ukikatika hali ni nyingine, hakuna anayetaka mtu agande.

Kuna majirani zangu wanaoyachukia makatazo haya, na Oktoba 2018 wapiga kura waliinyang'anya halmashauri mamlaka ya kudhibiti majiko, kazi ikabaki kwa Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Alaska. Nawasikiliza. Mtu mwenye watoto na tanki la mafuta lililokauka hana nafasi ya kusoma mikrogramu. Lakini na yule mzee hana hewa nyingine ya kuvuta. Kwa maoni yangu katazo linafanya kazi pale tu mtu alipopewa njia: jiko jipya, kuni kavu, mafuta ya dharura. Nyumba ambayo haina hata kimoja isaidiwe kwanza.

Ndani ya nyumba, siku mbaya, fungeni madirisha na washeni kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana, kwenye chumba anacholala mgonjwa au mtoto. Asiyekimudu afunge kichujio cha daraja la MERV 13 nyuma ya feni ya boksi kwa utepe, mshale wa kichujio ukielekea kwenye feni. Kelele ipo, lakini inasafisha.

Kisha, baada ya dakika 20 za kuwasha, vaa buti utoke. Usikae kwenye ngazi zako, maana ukiwa chini ya dohani huoni kitu. Vuka barabara, simama karibu na dirisha la jirani, umulike dohani yako kwa tochi. Mvuke mweupe unaoyeyuka hatua chache kutoka kwenye bomba hauna neno. Wa kijivu au bluu unaofuata mwanga mpaka mbali ni moshi, rudi ndani ufungue hewa. Mimi husimama palepale aliponisimamisha binti wa mzee. Usiku mwingi siku hizi tochi haipati kitu, naona tu nyota zikitetemeka juu ya bomba kwa lile joto.