Gongo la Hoki la Urefu Gani? Pima Mwili Kwanza, Kisha Nafasi Unayocheza

Magongo mengi ya watu wazima yanayouzwa madukani ni ya inchi 36.5 au 37.5. Kati ya hayo mawili pana inchi moja tu, kama pingili ya kidole gumba, na wengi huiona ndogo mno kuumiza nayo kichwa. Mechi ikianza ndipo inchi hiyo inapojionyesha: mpini unamchoma mchezaji tumboni kila anapogeuza gongo, au kiuno kinamkaza hata kabla ya mapumziko.

Tunazungumzia hoki ya uwanjani, yaani mpira wa magongo, si ile ya kwenye barafu. Tunalisema mapema kwa sababu ukitafuta vipimo mtandaoni utakutana na ushauri kwamba gongo lifike kidevuni au puani. Huo ni wa hoki ya barafu. Gongo la uwanjani likifika hapo ni refu kupita kiasi hata kisheria, maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Hoki (FIH) zinaweka kikomo cha sentimita 105.

Anza na mwili

Vaa viatu vyako vya kuchezea. Soli huongeza sentimita mbili au zaidi, na ukipima pekupeku utaondoka na gongo fupi kuliko unavyohitaji.

Njia ya kwanza: simama wima, gongo likiwa kando ya mguu, kichwa chake kikigusa sakafu. Mwisho wa mpini ufike kwenye mfupa wa nyonga, ule unaojitokeza kwa mbele ukishika kiuno. Njia ya pili: geuza gongo juu chini, pachika mkunjo wa kichwa kwapani, legeza mkono, kisha tazama mwisho wa mpini unaangukia wapi. Ukigusa pia ya goti, uko karibu na kipimo chako.

Fanya zote mbili, kwa sababu watu wawili wenye kimo kimoja huweza kutofautiana miguu na kiwiliwili. Kwa kawaida njia ya nyonga hutoa gongo refu zaidi, na ile ya kwapa hutoa fupi. Usione kwamba moja inadanganya. Zichukue kama mipaka miwili: chaguo lako liko katikati yake, na nafasi unayocheza ndiyo itakayokusogeza upande huu au ule.

Kama huna gongo la kupimia, tumia makadirio haya ya kimo:

Chini ya sm 120: inchi 28 hadi 30
Sm 120 hadi 135: inchi 31 au 32
Sm 135 hadi 150: inchi 33 au 34
Sm 150 hadi 158: inchi 35 au 35.5
Sm 158 hadi 165: inchi 36
Sm 165 hadi 180: inchi 36.5
Zaidi ya sm 180: inchi 37.5

Majedwali ya watengenezaji hayafanani. La Marekani laweza kumpa mtu wa sm 172 gongo la inchi 37, na la Ulaya likampa 36.5. Ndiyo maana hatupendi mtu anunue kwa jedwali peke yake.

Jaribio lenye uamuzi

Hoki haichezwi mtu akiwa amesimama wima, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kile cha mkao wa mchezo. Kunja magoti, inama kidogo kutoka kwenye nyonga, mgongo ubaki umenyooka. Mkono wa kushoto ushike mwisho kabisa wa mpini, wa kulia ushuke hadi karibu na pale gripu inapoishia. Weka mpira mbele ya mguu wa kulia, umbali wa hatua ndogo, kisha uusogeze kulia na kushoto kwa kuligeuza gongo kila upande, mara ishirini bila kusimama.

Usiutazame mpira. Tazama mkono wako wa kushoto, maana huo ndio unaozungusha gongo. Wa kulia umelizunguka tu kama bomba na kuliacha lizunguke ndani yake. Gongo likiwa la kipimo chako, kiwiko cha kushoto kinakaa mbele ya mwili, huru, na kifundo cha mkono kinageuka bila kusukumwa. Likiwa refu, mwisho wa mpini unakutana na tumbo au mbavu, na mwili, ili kuukwepa, unafanya moja ya mambo mawili: kiwiko kinatupwa nje kama bawa, au mkono wa kushoto unateleza chini ya mpini bila mwenyewe kujua. Ukisimama baada ya zile mara ishirini ukakuta mpini umebaki sentimita mbili au tatu juu ya ngumi yako, mwili umeshakujibu: punguza inchi moja.

Likiwa fupi, dalili zinahamia mgongoni. Unajikuta unainamia kiunoni badala ya kukunja magoti, macho yanaganda kwenye mpira, na mpira unakaa karibu mno na vidole vya miguu hata hupati nafasi ya kuupiga. Mchezaji wa namna hii hupoteza mpira kwa watu waliokuwa mbele ya macho yake kabisa, kwa sababu hakuwaona.

Dukani kukiwa na gongo refu tu, unaweza kuiga fupi: shika inchi moja chini ya mwisho wa mpini, cheza kidogo, usikie tofauti. Kuiga refu kwa gongo fupi hakuwezekani, kwa hiyo ukipata nafasi, anza kujaribu na refu.

Nafasi na mtindo wa kucheza

Mtindo wako hukupa ruhusa ya kusogea nusu inchi, kwa taabu inchi nzima, kutoka kwenye kipimo cha mwili. Zaidi ya hapo unaharibu kila kitu kingine.

Beki ndiye mwenye sababu nzuri zaidi ya kupanda juu. Kazi yake kubwa ni kuudonoa mpira kwa mkono mmoja wa kushoto, akiwa bado anarudi nyuma na hajajitosa. Mpira wa hoki una kipenyo cha milimita 71 hadi 75, kwa hiyo inchi moja ni theluthi ya mpira mzima. Katika kudonoa, theluthi hiyo ndiyo inayotenganisha kuugusa mpira na kuukosa, na ukikosa ukagusa gongo la mpinzani, filimbi inalia. Gongo refu pia linampa mzunguko mkubwa zaidi anapopiga pasi ndefu kutoka nyuma. Anacholipa ni wepesi: kichwa cha gongo kinazidi kuwa kizito mkononi na kinachelewa kugeuka.

Mshambuliaji anataka kinyume chake. Ndani ya duara la kufungia kuna miguu na magongo ya watu wengine, na nafasi ya kuinua gongo ni ndogo. Anahitaji kugeuza haraka, kupiga kwa mzunguko mfupi, kuugonga mpira wa pasi bila kuusimamisha. Akiwa katikati ya vipimo viwili, achukue kifupi. Anayependa kupiga chenga akiwa ameshika mpira karibu na mwili ataifurahia ile nusu inchi iliyopungua kuliko kitu kingine chochote cha kwenye gongo.

Hapo kuna kosa tunaloliona sana. Mshambuliaji mrefu, wa sentimita 185, anasikia kwamba washambuliaji hutumia magongo mafupi, naye ananunua inchi 36. Mwili wake unadai 37.5, kwa mtindo wake angeweza kushuka hadi 37 au, akipenda sana, 36.5. Kwa 36 atacheza amejikunja, na kasi yake, ambayo ndiyo silaha yake, itakufa.

Kiungo abaki na kipimo cha mwili wake bila kuongeza wala kupunguza. Anapokea mpira akiwa amezungukwa, lazima kichwa kiwe juu atazame pande zote, na ni hapo gongo fupi linapomwadhibu kuliko wote.

Wapigaji wa kona fupi (kona ya adhabu), wale wanaoukokota mpira kisha kuurusha golini, mara nyingi hukimbilia gongo refu wakitafuta nguvu. Inchi ya ziada husaidia kidogo, lakini kinachobeba mpira katika mkokoto ni mpindo wa shina, yaani jinsi gongo lilivyobonyea ukilitazama kwa ubavu. Kanuni zinaruhusu mpindo wa hadi milimita 25, na sehemu ulipozama zaidi isiwe chini ya milimita 200 kutoka mwisho wa kichwa. Kwa kazi hiyo chagua mpindo wa chini, yaani uliozama karibu na kichwa, na uuache urefu ulivyo. Ukumbuke tu kwamba mpindo mkubwa wa chini huinua mpira hata ulipotaka kupiga pasi ya ardhini.

Kipa hulishika gongo kwa mkono wa kulia peke yake, hivyo uzito wa mbele unamchosha kuliko mtu mwingine. Inchi 36 hadi 36.5 zinamtosha hata akiwa mrefu.

Uwanja nao una neno

Kenya iliposhika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, hoki ilikuwa bado inachezwa kwenye nyasi za kawaida, kwa magongo ya mti wa mforsadi. Nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976 huko Montreal. Ushauri mwingi wa wazee, kwamba gongo fupi ndilo la fundi, ulizaliwa kwenye nyasi zile, ambako mpira unarukaruka na usipoukaribia unakutoroka.

Ushauri huo bado ni wa kweli kwa anayecheza kwenye uwanja wa shule wenye mashimo au murram. Hapo shuka nusu inchi, ulaze gongo karibu na mpira. Kwenye nyasi bandia mpira unateleza sawasawa na unaweza kuuweka mbele zaidi ya mwili, kwa hiyo kipimo chako kamili, au nusu inchi juu, kinakufaa. Ukicheza kwenye viwanja vyote viwili, fuata ule unaofanyia mazoezi siku nyingi.

Urefu na uzito haviachani

Gongo lenye uzito ule ule likiwa refu zaidi, mkono hulisikia zito zaidi, kwa kuwa kichwa kimekwenda mbali na ngumi. Kwa hiyo ukiongeza inchi, tafuta lililo jepesi kwa gramu 10 au 20. Mengi ya watu wazima yapo kati ya gramu 520 na 570, ingawa kanuni zinaruhusu hadi 737. Jaribu hivi: shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto tu, nyoosha gongo mbele usawa wa kiuno, uligeuze mara kumi. Kifundo kikianza kutetemeka kabla ya kumaliza, ama ni refu ama ni zito kwako.

Watoto na magongo ya shule

Mzazi aliyezoea kununua sare kubwa kidogo ili mtoto "akue nayo" asilete hesabu hiyo kwenye gongo. Sweta kubwa halimfundishi mtoto kosa. Gongo refu linamfundisha. Atajifunza kushika chini ya mpini na kupiga kiwiko kikiwa nje, na atakapofikia urefu wa gongo lile, mazoea hayo yatakuwa yamekwisha kumkaa mwilini. Nunua la sasa, kwa tofauti isiyozidi inchi moja juu ya kipimo.

Mwalimu anayenunulia timu ya sekondari asichukue yote ya inchi 36.5 kwa sababu ndiyo yanayopatikana kirahisi. Kwa magongo ishirini, mgawo wa namna hii hufaa: matatu ya inchi 34, matano ya 35, tisa ya 36 au 36.5, na matatu ya 37.5. Paka rangi tofauti mwisho wa kila mpini kulingana na urefu, mwanafunzi ajue rangi yake bila kugombania kila jioni.

Gongo ulilonalo tayari

Lipindue ukague kichwa kilipolika. Kikiwa kimelika sana upande wa kisigino, pale shina linapoanza kupinda, mara nyingi gongo ni refu: unalilaza mno na ncha inainuka. Ncha ikilika peke yake, huenda ni fupi na unalisimamisha mno. Kuchimba ardhi nyuma ya mpira kila unapopiga ni dalili nyingine ya urefu uliozidi. Kuupiga mpira kwa juu ukabaki unaviringika pole pole ni ya ufupi.

La mbao likizidi urefu laweza kukatwa juu ya mpini, nusu inchi kila mara, ukijaribu kabla ya kukata tena. Msumeno wa meno madogo, msasa, kisha gripu mpya. La kaboni au faibaglasi usilikate: ndani ni wazi, mpini hupasuka kuanzia ulipokatwa, uwiano wa uzito unaharibika na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Bora ulibadilishane na mwenzako mrefu zaidi. Wala usijaribu kurefusha gongo fupi kwa kubandika kipande juu. Kitalegea katikati ya mchezo.

Ukishapata urefu, funga gripu yako na utepe wowote unaotaka, kisha hakikisha gongo zima bado linapita kwenye pete ya milimita 51, kwa sababu mwamuzi akiwa na pete hiyo atapima pamoja na utepe.