Jinsi ya kutafuta wafadhili wa opera Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Hata Metropolitan Opera ya New York, yenye ukumbi wa watu wapatao 3,800, haijikimu kwa tiketi peke yake; sehemu kubwa ya pesa zake hutoka kwa wachangiaji. Ujerumani, mzigo huo hubebwa na majimbo na miji. Kwetu hakuna jumba la opera lenye mfuko wake wala serikali inayolipa, kwa hivyo kikundi cha Kisumu, Kakamega au Nakuru kinachotaka kupandisha opera jukwaani kinapaswa kuwa na pesa zote benki, au kwenye barua zilizotiwa sahihi, kabla ya mazoezi ya kwanza. Pesa za mlangoni ziwe akiba ya kazi inayofuata. Wanaopanga kuwalipa wapiga fidla kwa pesa za mlangoni huishia na deni, na deni kwa wanamuziki huvunja kikundi upesi kuliko onyesho baya.

Kazi ya kuanzia

Ukubwa wa opera ndio ukubwa wa mchango mtakaoomba. Msianze na opera ya Verdi yenye okestra ya watu hamsini. Dido and Aeneas ya Purcell huchukua kama saa moja, inahitaji fidla chache, viola, chelo na kibodi, na kwaya ina kazi nyingi tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nguvu yetu ilipo: tamasha la muziki la Kenya limekuwa likinoa kwaya tangu 1927, na mji wowote wa Magharibi una waimbaji wanaosoma noti au solfa bila kuyumba. La serva padrona ya Pergolesi, ya 1733, ni nafuu zaidi kwa kuwa ina waimbaji wawili tu na mhusika wa tatu asiyeimba, lakini haina kwaya, na bila kwaya mnapoteza jamaa na marafiki wa watu ishirini, ambao ndio wachangiaji wenu wa kwanza.

Angalieni hakimiliki mapema. Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Purcell alifariki 1695, hivyo hamna wa kumlipa, na nakala za zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Toleo jipya la kampuni ya uchapishaji linaweza kuwa na haki zake, kwa hiyo msilitoe fotokopi tu. Mtunzi wa opera Menotti alifariki 2007. Kazi zake bado zinalindwa, na ada ya mchapishaji wa ng'ambo lazima iingie kwenye bajeti.

Bajeti kabla ya barua

Mfadhili wa huku amezoea harambee za karo, hospitali na kanisa. Anajua bei ya mabati na bei ya kitanda cha wodi. Opera hajui bei yake, na mtu asiyejua bei hutoa elfu moja ya heshima. Kazi yenu ni kumwonyesha kila shilingi inakwenda wapi. Huu ni mfano wa maonyesho mawili ya jioni na moja la asubuhi kwa wanafunzi. Bei ni za mfano, tafuteni zenu kwa kuomba makadirio matatu ya kila kitu.

Waimbaji wakuu 6 kwa 30,000 kila mmoja: 180,000. Wanakwaya 20, mazoezi 24, nauli na chakula 500 kwa kila zoezi: 240,000. Wapiga ala za nyuzi 7 kwa 25,000: 175,000. Kondakta na mpiga kibodi wa mazoezi: 110,000. Maleba ya watu 26 kwa 3,500: 91,000. Mandhari na vifaa vya jukwaani: 90,000. Ukumbi siku 4 kwa 25,000: 100,000. Taa na jenereta: 90,000. Uchapishaji na matangazo: 60,000. Jumla ni KSh 1,136,000. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, 113,600, mpate 1,249,600.

Mistari miwili husahaulika mara nyingi. Wa kwanza ni mpiga kibodi wa mazoezi, anayefanya kazi kuliko mtu yeyote na huombwa ajitolee kwa sababu ni mtu wa kanisani kwetu. Akiacha katikati, mazoezi yote yanasimama. Wa pili ni nauli ya kwaya. Mwanakwaya anayetoka Ahero au Luanda akikosa nauli mara mbili, haji mara ya tatu, na hatawaambia sababu.

Mkileta mwimbaji asiye mkazi wa Kenya, kumbukeni kodi ya zuio ya asilimia 20 kwenye malipo yake ya onyesho. Mkimwahidi 100,000 mkononi, gharama yenu ni 125,000.

Kugawa mzigo

Kuomba watu mia moja kila mmoja shilingi 12,500 hakufanyi kazi, kwa sababu wenye uwezo wa laki watatoa 12,500 na wenye uwezo wa elfu tatu watakaa kimya. Jengeni ngazi. Kwa bajeti ya hapo juu: mchango mmoja wa 300,000, miwili ya 150,000, mitano ya 50,000, kumi na mitano ya 10,000 na hamsini ya 3,000. Hizo ni 1,150,000. Laki iliyobaki ni ukumbi, ambao mtauomba bure badala ya pesa.

Kwa kila mchango wa ngazi za juu, orodhesheni majina matatu au manne ya watu wanaoweza kuutoa. Kama hamwezi kuandika majina manne ya kumwomba 300,000, bajeti yenu ni kubwa kuliko mji mnaoujua, na dawa ni kupunguza kazi. Anzeni juu mkishuka. Mkianza na kadi za elfu tatu, mwenye laki tatu ataiona kadi hiyo kwa jirani na kutoa elfu tatu.

Kila ngazi ipewe kitu kinachoonekana. Onyesho la asubuhi la wanafunzi limfae mtoaji wa 300,000, kwa sababu anaweza kusema ni watoto wangapi waliketi ukumbini kwa ajili yake. Wa 150,000 anabeba sehemu kubwa ya okestra ya nyuzi, au ya maleba na vifaa pamoja. Wa 50,000 anabeba mhusika mmoja: mshahara wake, vazi lake, nauli yake. Wa 10,000 anabeba karibu mwanakwaya mzima, maana nauli na chakula cha mazoezi yote ni 12,000. Msiwahi kuuza ngazi ya kuchagua mwimbaji. Mfadhili anayetaka mpwa wake aimbe nafasi ya Dido anapewa fomu ya usaili kama watu wengine, na hilo liandikwe kwenye barua ya makubaliano tangu mwanzo ili mwenyekiti asilazimike kulisema ana kwa ana.

Michango ya vitu ina thamani kubwa, mradi ni kitu kilicho kwenye bajeti. Mapazia mazito na mashuka ya mitumba kutoka soko la Kibuye hugeuka majoho ya wafalme mikononi mwa fundi mzuri. Mwenye duka akitoa robota moja, andikeni bei yake kama mchango na mpunguze mstari wa maleba. Katoni za soda ambazo hamkuzipangia hazipunguzi chochote.

Karatasi

Kampuni itauliza: tukitoa, tunapunguziwa kodi? Jibu lisiwe la kubahatisha. Kifungu cha 15(2)(w) cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinamruhusu mtoaji kuondoa mchango kwenye mapato yanayotozwa kodi pale shirika linalopokea lina msamaha chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza. Aya hiyo inataja kuondoa umaskini au dhiki ya umma, kuendeleza dini na kuendeleza elimu. Sanaa peke yake haimo. Ndiyo maana onyesho la wanafunzi, warsha za waalimu wa muziki na mafunzo ya kwaya za vijana havifai kuwa mapambo ya barua: ndivyo vinavyoifanya kazi yenu iitwe elimu, na lazima vifanyike kweli.

Kwaya nyingi zimesajiliwa kama kikundi cha jamii. Usajili huo unawafungulia akaunti ya benki, lakini hauwapi msamaha wa kodi. Njia nyepesi ni kushirikiana na shule, chuo kikuu au dayosisi yenye cheti cha msamaha kinachotambuliwa na KRA, mamlaka ya kodi: pesa zinaingia kwao kwa jina la mradi, nanyi mnaandikiana mkataba unaosema zitatoka kwa siku ngapi, nani anaidhinisha, na mwenyeji anabaki na asilimia ngapi. Bila mkataba huo, pesa zenu zitalipa umeme wa mwenyeji wakati ninyi mnasubiri hundi. Ombeni nakala ya cheti na muangalie tarehe yake ya mwisho.

Kampuni inayotaka nembo yake kwenye bango hununua tangazo, haitoi sadaka. Hiyo inapita idara ya mauzo na wataomba ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliki kwa hesabu za kodi. Andaeni njia ya kuitoa kabla ya kuombwa.

Kikao cha kuomba

Barua iwe ya ukurasa mmoja: ni kazi gani, lini, wapi, jumla ni ngapi, zimepatikana ngapi, tunakuomba ngapi na zitafanya nini. Bajeti iwe ukurasa wa pili. Ombi lisilo na kiasi ni ombi la elfu moja.

Nendeni watu watatu: mmoja anayefahamiana na mnayemwomba, mweka hazina, na mwimbaji. Salamu zichukue muda wake; mzee wa biashara wa Kisumu hataki kuingiliwa na karatasi kabla ya kujuana, na kama ni mama, mwite mama. Kisha mwimbaji aimbe. Wimbo wa Dido wa kuaga dunia unafaa ajabu kwa ofisi: besi inashuka hatua kwa hatua kisha inarudi mwanzo, tena na tena, na sauti inalia juu yake. Kibodi ndogo ya betri yatosha, dakika nne zimeisha, na mtu ambaye hajawahi kusikia opera anakuwa ameisikia kwa umbali wa meza. Baada ya hapo tajeni kiasi, kisha mnyamaze. Wengi huharibu hapa kwa kujipunguzia wenyewe: "lakini hata elfu kumi ni sawa." Mwacheni ajibu.

Akisema atafikiria, ulizeni lini mpige simu, na mpige siku hiyo. Akikataa, mshukuruni na kumwalika onyeshoni. Mwaka unaofuata huwa rahisi.

Kalenda

Anzeni miezi tisa kabla. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na makadirio hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kwa hiyo ombi la Mei limechelewa mwaka mzima. Tena pesa za kaunti huchelewa hata zikipitishwa. Ombeni ukumbi, ulinzi na gari la kubeba jukwaa. Msiombe fedha za kulipia watu.

Msiweke onyesho kati ya Juni na Agosti, maana makondakta na wapiga ala wetu wengi ni waalimu na wako kwenye tamasha la muziki. Epukeni Machi hadi Mei pia kama ukumbi una mabati bila dari: mvua ya jioni ya Kisumu huzima kabisa sauti isiyo na maikrofoni, na mfadhili aliyelipa laki tatu atatazama midomo tu. Wiki ya kwanza na ya pili ya Desemba ni nzuri. Shule zimefungwa wakati huo, hivyo onyesho la wanafunzi lifanyike Oktoba mwanzoni kabla ya mitihani, au mlipange kupitia makanisa. Mkiamua Oktoba, okestra isafiri mara mbili na bajeti ibadilike.

Pesa zikianza kuingia

Fungueni akaunti ya mradi pekee, watia sahihi watatu, wawili wakitosha. Pesa zisipite kwenye simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu vipi. Nambari ya Paybill iunganishwe na akaunti hiyo. M-PESA hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo mtoaji wa 300,000 apewe nambari ya benki, la sivyo atatuma nusu na kusahau nusu.

Ahadi iandikwe: kiasi, tarehe, sahihi. Katika hesabu, wekeni safu mbili, zilizoahidiwa na zilizopokelewa, na mfanye uamuzi kwa safu ya pili. Wiki nane kabla ya onyesho, kama zilizopokelewa hazijafika robo tatu, punguzeni: maonyesho ya jioni yawe moja, nyuzi ziwe nne badala ya saba. Purcell anavumilia fidla mbili, viola na chelo pamoja na kibodi. Kwaya yenye njaa haivumilii.

Stakabadhi na shukrani zitoke ndani ya siku mbili, hata kwa aliyetoa mia tano. Ndani ya siku 30 baada ya onyesho, kila mtoaji wa 10,000 kwenda juu apate kurasa mbili: makisio na matumizi halisi sambamba, idadi ya wanafunzi waliofika na shule zao, picha mbili, na maelezo ya mstari wowote uliozidi. Mstari uliozidi uelezwe na mweka hazina kwa simu kabla ripoti haijafika, hasa kwa mtoaji aliyebeba mstari huo.